Dawa ya nano ya saratani ya damu hainywewi

Ndugu Mhariri,

Kwenye simu zinapita sifa za matone na mafuta "ya nano", yaani ya vipande vidogo mno, yanayodaiwa kuifuata saratani ya damu popote ilipojificha mwilini. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze dawa ya nano ya lukemia, yaani saratani ya damu, iliyothibitishwa ikoje, ili mwenye mgonjwa ajue anauziwa nini.

Inaitwa CPX-351. Marekani iliipitisha Agosti 2017 kwa lukemia kali ya mailoidi iliyozuka baada ya matibabu ya saratani nyingine, au inayoambatana na kasoro za aina maalumu za uboho, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Ndani yake hamna dawa mpya: ni saitarabini na daunorubisini, dawa za kuua saratani (kemo) zile zile za miaka yote. Kipya ni ganda. Chukua mfano wa dafu: nje ganda, hili la mafuta, ndani maji yenye dawa, ila upana wake ni nanomita 100 hivi, yaani milimita moja igawe mara elfu kumi.

Ganda hilo halina macho. Kazi yake ni kuzishika dawa mbili kwa uwiano wa molekuli 5 za saitarabini kwa 1 ya daunorubisini. Zikitiwa mwilini bila ganda, kila moja hutoka kwa kasi yake na uwiano huvurugika. Zikiwa ndani ya ganda hufika pamoja kwenye uboho, na kwa panya wa maabara chembe za lukemia zilizimeza zaidi kuliko chembe za kawaida.

Kwa hiyo ukiliharibu ganda, umeiharibu dawa. Kichupa hukaa wima ndani ya boksi lake, nyuzijoto 2 hadi 8, mbali na mwanga. Kabla ya kuchanganya hutolewa nje dakika 30, hutiwa mililita 19 za maji safi ya sindano, kisha huzungushwa taratibu dakika 5 na kupinduliwa kila nusu dakika. Hakipashwi moto, hakisukwisukwi. Kikitulia dakika 15, kinachoonekana ni uji mwepesi wa zambarau usiopitisha mwanga. Mgonjwa mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.6 huhitaji mililita 32, kwa hiyo vichupa viwili. Huingizwa kwenye dripu ya mililita 500, bila kichujio njiani, na kupita kwenye mshipa kwa dakika 90: siku ya 1, ya 3 na ya 5. Kosa baya kuliko yote ni kuibadilisha na daunorubisini ya kawaida kwa sababu jina limefanana. Vipimo vyake ni vyengine kabisa.

Na si muujiza. Katika jaribio la wagonjwa 309 wa miaka 60 hadi 75, nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 9.5, kwa kemo ya kawaida ilikuwa karibu miezi 6.

Tunaodai iletwe Pemba tusihesabu friji peke yake. Dawa hii hushusha pleteleti, chembe zinazogandisha damu, kwa muda mrefu, na mgonjwa anaweza kufa kwa kutoka damu. Pleteleti za kuongezewa haziwekwi kwenye friji: hukaa nyuzijoto 20 hadi 24, kwenye mashine inayozitikisa usiku na mchana, na kwa kawaida siku ya tano zimekwisha muda. Boti ikikwama bandari ya Malindi, Unguja, kwa upepo, kichupa kitasubiri. Pleteleti hazisubiri.

Wafamasia,
Chake Chake, Pemba