Safari ya Savannah hadi St. Augustine: tusomeni kabla ya kuondoka

Habari za jioni ndugu zangu. Njia yetu ya ndani ya pwani (Intracoastal Waterway), kutoka Savannah, Georgia, hadi St. Augustine, Florida, ni karibu maili 200, na Januari jua la Georgia huzama kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili. Usiku hatusafiri. Saa kumi kila boti iwe imeshatia nanga au imefunga gatini.

Kinachonishughulisha zaidi ni maji. Huko Georgia maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 2, na mkondo unakimbia. Hell Gate, mkondo mwembamba kusini kidogo ya Savannah, una kina kifupi. Tutapita maji yakiwa yanajaa, zaidi ya nusu. Ukigusa mchanga wakati huo, maji yenyewe yatakuinua. Ukigusa yakianza kupwa, umepwelewa saa nyingi na baridi juu. Jekyll Creek, sehemu nyingine ya kina kifupi mbele yetu, vivyo hivyo. Tukielekea kusini, alama nyekundu za njia majini zikae kuliani. Tafuteni pembetatu ya njano juu yake, ndiyo ya njia yetu.

Redio chaneli 16 muda wote. Wahudumu wa madaraja ya kufunguka ya Florida wanajibu chaneli 9.

Jaketi za kujiokolea zivaliwe, si kuwekwa chini ya kiti. Maji haya ya baridi humkata mtu pumzi mara moja. Na tafadhali sana, anayewasha hita ya gesi aache dirisha wazi kidogo na awe na king'ora cha kaboni monoksidi. Nitawapigia manahodha mmoja mmoja kesho kuhakikisha.