Barua kwa binti yangu kabla hajaja Duluth

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Ile sauti uliyonitumia niliisikiliza nikiwa karakana, nikacheka mpaka wenzangu wakageuka. "Baba, yaani umelipa dola zako ukalale porini na kubeba mtumbwi mabegani? Si ungerudi Lamu ukavua bure?" Swali ni la haki. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu sauti zangu najua huzisikilizi mpaka mwisho, na kwa sababu mwezi wa kwanza, Mungu akipenda, utakuwa hapa nami, na kuna mambo ya nchi hii nataka uyajue kabla hujashuka kwenye ndege.

Kutoka hapa Duluth, jimbo la Minnesota, ukiendesha gari kuelekea kaskazini kama saa mbili, unafika mji mdogo uitwao Ely. Ukiupita, barabara zinaanza kuisha na maji yanaanza. Hifadhi yenyewe inaitwa Boundary Waters, ina zaidi ya ekari milioni 1 na maziwa yanayopindukia 1,000, yamefuatana hadi mpaka wa Kanada. Injini hairuhusiwi karibu kote. Kundi moja lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Makopo na chupa za kioo ni marufuku. Ziwa likikwisha, unashuka, unabeba mtumbwi na mizigo kwa njia ya msituni mpaka ziwa linalofuata, kisha unapanda tena.

Hapo kwenye kubeba ndipo uliponicheka, basi nikueleze. Mitumbwi ya siku hizi ni ya kevla, nyuzi nyepesi ngumu za kiwandani, kilo 20 na ushei. Katikati ina ubao uliochongwa kufuata shingo ya mtu. Unauinua, unaupindua, unaukalisha mabegani, na tangu hapo unachokiona ni vidole vya miguu yako, mizizi na tope. Njia yetu ya kwanza ilikuwa kama mita 400, tena ya kuteremka ngazi mwisho wake. Mama mmoja wa safari yetu, mwalimu mstaafu, aliubeba bila kupumzika. Mimi mtoto wa Lamu, niliyezaliwa nikisikia makasia, nilipumzika. Usiwaambie wajomba zako.

(Choo nacho ni sanduku lenye tundu, limewekwa msituni nyuma ya kambi. Halina kuta wala mlango. Unakwenda na imani yako.)

Kiongozi wetu alikuwa mama wa makamo, Mwojibwe wa jamii ya Bois Forte. Waojibwe ni wenyeji wa asili wa huku. Wao wenyewe hujiita Anishinaabe. Kabla hatujatia mitumbwi majini alitoa kifuko cha tumbaku, waiita asemaa, akachukua kidogo kwa ncha za vidole, akaiweka majini na kusema maneno kwa lugha yake. Ni kama mtu anavyopiga hodi kwenye nyumba yenye watu. Hakutaka yeyote amwige. Mimi nikasoma dua ya safari kimyakimya, Subhanalladhi sakhkhara lana hadha. Yeye hakuniuliza kwa nini sikuweka tumbaku, nami sikumwuliza kwa nini ameiweka, tukaondoka vizuri.

Katika ziwa liitwalo North Hegman kuna jabali limesimama wima juu ya maji, na kwenye jabali hilo kuna michoro ya rangi nyekundu, udongo wa chuma uliosagwa. Kuna mtu amenyoosha mikono pande zote mbili, kuna paa mkubwa wa huku aitwaye moose, kuna mnyama mwenye mkia mrefu ambaye watu wanabishana ni nani, na kuna mitumbwi yenye watu ndani. Unaitazama ukiwa umekaa mtumbwini, unashikilia kafi ili upepo usikusukume ukutani, na kuigusa ni mwiko. Kiongozi wetu alituambia kwamba Carl Gawboy, mchoraji wa Bois Forte, huisoma michoro hiyo kama nyota: yule mtu wa mikono ni Mleta Baridi, kundi la nyota linalopanda majira ya baridi, ambalo ndani yake mna zile nyota tatu zilizopangana ambazo babu yako alikuonyesha ukiwa mdogo. Akasema ni usomaji mmoja tu. Mwanamume mmoja akataka kujua "maana yake hasa". Mama akatabasamu, akageuza mtumbwi.

Usiku palikuwa na ndege aitwaye maang, mweusi, jicho jekundu. Akilia ziwani gizani, sauti inapanda kama kicheko cha mwendawazimu na mwingine anamjibu ng'ambo. Ningekuwa Shela ningesema ni jini na kufunga mlango. Tulipokaa motoni nikamwomba yule mama atupe hadithi za Wenabozho, mjanja wao, ambaye nilikuwa nimesikia habari zake kazini. Akakataa. Hadithi hizo husimuliwa theluji ikiwa chini. Nikamkumbuka bibi yako: mchana ukimwomba hadithi anakutishia utaota mkia. Wewe utafika Januari, kwa hiyo utakuwa na haki ambayo mimi sikuwa nayo.

Sasa nifike kwenye mpunga, maana hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda na siijutii hata senti.

Ulikuwa mwanzo wa Septemba, msimu wa manoomin, mpunga wa porini unaoota wenyewe majini. Baada ya kutoka hifadhini alitupeleka kwenye ziwa dogo la kina kifupi ambako jamaa zake walikuwa wakivuna. Ukilitazama kwa mbali utadhani ni shamba, majani marefu yamesimama mpaka ukingoni. Wanavuna wawiliwawili. Mmoja anasimama nyuma na kupiga pondo, mti mrefu wenye ncha ya panda ili usizame topeni. Wa pili amekaa mbele na vijiti viwili vyepesi vya mwerezi: kimoja anainamishia mabua juu ya mtumbwi, cha pili anayapapasa. Nasema anayapapasa kwa sababu hapigi kwa nguvu. Punje iliyokomaa inaanguka, isiyokomaa inabaki buani, na nyingine zinaanguka majini kuwa mbegu ya mwaka ujao. Bua moja halikomai lote siku moja, hivyo watu hurudi tena ziwa lilelile baada ya siku kadhaa. Sauti yake ni swa, swa, swa, na mtumbwi unajaa polepole rangi ya kijani na zambarau. Kuna viwavi pia, wanauma kweli.

Kisha kazi ya nchi kavu. Mpunga unaanikwa, unakaangwa kwenye sufuria kubwa ya chuma huku mtu akiukoroga kwa kafi usiungue, halafu unatiwa kwenye shimo dogo lililozungushiwa mbao na mtu mwepesi mwenye viatu laini vya ngozi anaukanyaga, ameshikilia miti pembeni asiuponde kwa uzito wake wote, mpaka kumvi zitoke. Mwisho unapepetwa kwenye ungo wa gome la mti. Yule kijana aliyekuwa akipepeta alinipa ungo nijaribu. Mkono ulikumbuka wenyewe, mwanangu. Bibi yako angeniona angesema walau kitu kimoja nilichofunzwa hakikupotea. Wakashangaa, wakaniuliza nimejifunzia wapi.

Ukipikwa ni mweusi, mrefu, unapasuka na kuonyesha weupe ndani, una harufu ya moshi kidogo. Tuliula na samaki wa ziwani. Mambo ya chakula nilikuwa nimemweleza mapema kwamba nguruwe sili, naye hakulifanya jambo. Nilichokikosa ni tui la nazi. Ukija tutajaribu.

Nyumbani kwa jamaa wale palikuwa na mtumbwi wa zamani wa gome, umepumzishwa chini ya kibanda, nikauzunguka mpaka watu wakaanza kunywa chai bila mimi. Gome ni la wiigwaas, ule mti mweupe unaobanduka kama karatasi. Upande uliokuwa nje ya mti unageuzwa kuwa ndani ya chombo. Mataruma ni ya mwerezi, yamelowekwa na maji moto yakapindwa. Msumari hamna hata mmoja. Kila kiungo kimeshonwa kwa mizizi ya msprusi, mti wa jamii ya msonobari, iliyopasuliwa katikati, na juu ya mshono wamepaka utomvu wa mti huohuo uliochemshwa na mafuta ya mnyama na unga wa makaa. Nikawaambia kwetu pia vyombo vilishonwa: mtepe, mbao kwa kamba za nazi. Nikawaeleza shahamu na chokaa tunazopaka chini ya majahazi. Yule mzee mwenye mtumbwi hakuwa amesema neno tangu tufike. Hapo akavuta kiti.

Mzee huyo ndiye aliyenisimulia habari za Kechewaishke, ambaye Wamarekani walimwita Chief Buffalo. Mwaka 1850 serikali ilitaka kuwahamisha Waojibwe wa ukingo wa Ziwa Superior waende magharibi. Ikahamisha malipo yao ya mwaka hadi Sandy Lake, mbali, wakati baridi inaingia. Watu wakaenda, malipo na chakula havikufika kwa wakati, wakaugua na kufa njaa hapo na njiani kurudi. Walikufa kama 400. Mwaka 1852 Kechewaishke, mzee aliyekuwa amepita miaka 90, alipanda mtumbwi wa gome na wenzake, akashika njia ya kwenda Washington kumwona Rais Fillmore, akarudi na amri ya kuhamishwa imefutwa. Tarehe 30 Septemba 1854, huko La Pointe, ukatiwa saini mkataba ambao Waojibwe waliachia ardhi yote hii ya kaskazini mashariki mwa Minnesota, Duluth ikiwemo, wakabaki na maeneo yao na haki ya kuwinda na kuvua katika ardhi waliyoiachia. Mwaka uliofuata mzee akafariki.

Haki hiyo ya karatasini haikuheshimiwa yenyewe. Miaka mingi walikamatwa na askari wa wanyamapori kwa kuvua walikoruhusiwa kuvua. Wenzao wa Mille Lacs, wenye mkataba wa 1837, walikwenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1999 wakashinda kwa majaji 5 dhidi ya 4. Mzee aliposema hivyo nilimweleza habari za wavuvi wetu na bandari mpya ya Lamu, jinsi mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ilivyoamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76, na jinsi malipo yalivyokokotana baadaye. Akauliza: mlikuwa na mkataba? Nikasema hapana, tulikuwa na mazoea tu na makaburi ya wazee. Akatikisa kichwa, akasema hata mkataba unahitaji mwanasheria.

Hilo ndilo jibu la swali lako, kwa nini nililipa. Mimi nimeishi kwenye maji ya watu hawa, nikawa nawaona kama picha kwenye vibao vya barabarani na majina ya mito. Nimewakuta hai, wana bei ya petroli ya kulalamikia na kesi mahakamani. Ugomvi wa sasa ni migodi ya shaba na nikeli karibu na maziwa. Mpunga ule haupatani na salfeti, chumvichumvi inayoweza kutoka migodini na kuingia majini: vijidudu vya topeni huigeuza kuwa sumu ya mizizi. Tangu 1973 jimbo hili lina kikomo, miligramu 10 kwa lita katika maji ya mpunga, na kuna watu kila mwaka wanaodai kikomo hicho ni kikali mno. Pale Ely wengine wanataka migodi kwa sababu ya ajira, nami siwadharau, mtu bila kazi siwezi kumpigia kelele. Lakini wewe unakumbuka ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, kwetu Lamu, na furaha ya mwaka 2019 leseni ilipofutwa. Hutahitaji kuelezwa mara mbili.

Mambo madogo. Koti usinunue Mombasa, la huko halitakusaidia kitu, nitakuja nalo uwanja wa ndege. Kibla huku ni kaskazini mashariki, usije ukaelekea kaskazini moja kwa moja kama ulivyozoea. Mamako mwambie dawa za presha nimezipata.

Na nina kazi nawe. Yule mzee aliniuliza tundu za mshono wa mtepe zilizibwaje maji yasiingie, nami nikashindwa, maana mtepe wa mwisho uliacha kutembea kabla sijazaliwa. Utakapokwenda Lamu kumuaga bibi yako, ingia makumbusho pale ukingoni, upige picha za mfano wa mtepe. Piga kwa karibu, ndani na nje, mshono uonekane. Kisha chukua punda au mashua mpaka Matondoni uwaulize mafundi wazee. Ukipata anayejua, mrekodi anavyosema, usifupishe. Nimemwahidi mzee nitampelekea jibu kabla barafu haijaachia ziwa.

Wasalaam,
Babako