Igeuze kwanza uone mgongo wake

Mhariri,

Msomaji wenu wa Tororo aliyeuliza anunue risiva gani ya kutazamia filamu nyumbani, yaani amplifaya inayopeleka sauti ya filamu kwenye spika, naye ana shilingi milioni moja tu za Uganda, amenifanya nishike kalamu usiku huu baada ya kufunga kibanda. Majibu mliyochapisha Jumamosi yalikuwa matatu, na yote yalimwambia aongeze pesa. Mimi sikubaliani nayo. Nimetengeneza redio, tivii na amplifaya hapa Busia, upande wa Uganda, kwa miaka ishirini na miwili, na nasema milioni moja inamtosha. Mtu hujikuna ajipatapo. Kinachowaumiza wateja ninaowaona si uchache wa pesa, ni kununua mashine kwa kuangalia uso wake.

Uso una taa za buluu na kibandiko cha wati 1000. Mgongoni ndiko kumeandikwa volti, wati ambazo mashine inakula, na omu za spika inazoweza kubeba, yaani kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Matundu ya waya pia yako huko. Muuzaji akikataa kuigeuza, ondoka.

Nianze na volti, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe. Mwaka 2014 nilipanda basi hadi Kampala nikanunua risiva ya mtumba kwa shilingi 380,000. Duka silitaji. Ilikuwa nzito, safi, na waya wake ulikuwa na plagi ya pini tatu kama zetu. Nilifika nyumbani jua linazama, watoto wakanizunguka, nikaichomeka. Ilinguruma kama lori linalopanda mlima, halafu ikatoa mlio wa bati na moshi mweupe ukapanda kutoka kwenye matundu ya juu. Nilipoifungua nikakuta kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kuweka akiba ya umeme, zimepasuka vichwa, na transfoma imekatika ndani kwa ndani. Mgongoni, chini ya uchafu, palikuwa pameandikwa volti 120, hezi 60. Mtu alikuwa ameikata plagi ya Kimarekani, ile yenye pini mbili bapa, akafunga ya pini tatu ili ipate mnunuzi. Zile zilikuwa karo za binti yangu za muhula mzima.

Umeme wetu ni volti 240. Mashine iliyotoka Uingereza inaandikwa 230 na itafanya kazi bila taabu, tena inakuja na plagi yetu hiyohiyo. Iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Dubai pia ni salama. Iliyotoka Marekani ni 120, na ya soko la Japani ni 100, hata kama jina lililoandikwa mbele ni lilelile unalolijua. Hizo zinahitaji transfoma ya kupunguza umeme, na transfoma yenye nguvu ya kutosha inakula bajeti yako yote ya spika. Kwa mwenye milioni moja, ya volti 120 siyo rahisi hata akiipata kwa laki mbili. Ukiona waya una plagi mpya iliyofungwa kwa skrubu wakati waya wenyewe ni wa zamani, uliza ya kwanza ilikuwa ya namna gani.

Sasa wati. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu aliniletea seti nzima ya boksi, hom thieta ya spika tano na sabufa (spika ya besi), mbele imeandikwa wati 1000. Akaniambia, "Fundi, hii inalia kwa uchungu, nikiongeza sauti inapasuka." Nikamwambia, "Mwalimu, hebu tuigeuze." Mgongoni ilikuwa inakula wati 85. Alifundisha hesabu miaka thelathini, sikuhitaji kumweleza zaidi. Mashine inayovuta wati 85 ukutani haiwezi kutoa wati 1000 kwa spika. Kwa mshindo wa kufumba na kufumbua, bomu likilipuka kwenye filamu, kapasita zinaweza kutema zaidi ya hizo, lakini si kwa wimbo mzima. Alikaa kimya, akapapasa kile kibandiko kwa kidole gumba.

Risiva ndogo za Yamaha na Denon zenye chaneli tano, yaani za kuendesha spika tano, zile zilizotoka mwaka 2018, kampuni zenyewe zinasema wati 70 kwa kila spika, zikipimwa spika mbili kwa pamoja. Mnunuzi anaona 70 anaidharau, anakimbilia 1000. Lakini inyanyue mkononi. Hiyo ya wati 70 ina uzito wa kilo saba na zaidi, kwa sababu ndani kuna transfoma ya chuma na shaba. Seti ya boksi unaibeba kwa vidole viwili. Na tofauti ya wati 70 na wati 100, sikioni, ni kama desibeli moja na nusu, kipimo cha ukubwa wa sauti. Mkeo akiwa jikoni hataitambua. Ili sikio lisikie sauti imekuwa maradufu unahitaji wati mara kumi. Kwenye sebule ya futi kumi na mbili kwa kumi na mbili, spika nzuri ikipewa wati moja tu tayari mnapaziana sauti. Marekani waliweka kanuni tangu mwaka 1974 ya kuwabana wenye viwanda waeleze nguvu ya amplifaya ilipimwa vipi. Nasi tunastahili kanuni ya namna hiyo, iandikwe kwenye boksi kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu wanaodanganywa na kibandiko ni walimu, askari na akina mama wa sokoni walioweka akiba mwaka mzima.

Waliomjibu msomaji wa Tororo walimwambia asinunue mtumba kwa sababu risiva za zamani hazina HDMI, lile tundu la waya unaobeba picha na sauti pamoja, au zina HDMI iliyokufa. Ni kweli, HDMI huharibika mapema kwenye mashine nyingi ninazoletewa, na sehemu yake ni ngumu kupata. Lakini haihitajiki. Tivii nyingi za bapa zina tundu dogo la mraba, ukilifungua kifuniko linang'aa wekundu ndani. Hilo linatoa sauti kwa mwanga. Risiva nzuri za miaka ya 2000 zina tundu la kulipokea. Dikoda, deki ya DVD, simu, vyote viingie kwenye tivii, na sauti itoke hapo kwa waya mmoja mwembamba hadi kwenye risiva. Unapata Dolby Digital ya chaneli 5.1 kamili, yaani spika tano na sabufa, ikiwa filamu inayo na tivii imewekwa iipitishe, maana tivii nyingine zinaigeuza kuwa ya chaneli mbili hadi uingie kwenye mipangilio. Unachokosa ni Dolby Atmos yenye spika za darini, na mwenye milioni moja chini ya mabati hana dari ya kuweka spika. Mvua ikianza hapo, hata mimi huzima nikangoja.

Mwenye mashine ya kisasa ya michezo ya video au anayetaka picha kali ya 4K asidhani risiva ya zamani inamzuia. Picha aipeleke moja kwa moja kwenye tivii, sauti irudi kwa ule waya wa mwanga. Bluetooth nayo huongezwa kwa kidude kidogo kinachochomekwa nyuma.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyemuuliza: anatazama nini? Hapa kwetu watu wengi hutazama filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ, wale wasimulizi wanaoeleza filamu kwa lugha zetu, wanazinakili laibrari, yaani duka la filamu, kwenye flashi kwa bei ndogo. Nazipenda mno, mama yangu hakuwahi kuelewa filamu hadi VJ alipomweleza. Lakini sauti ya VJ imerekodiwa juu ya filamu, na faili ninazoletewa kibandani zina chaneli mbili tu. Spika zako za nyuma zitakaa kimya, au risiva itazibunia sauti. Mtu analipa spika tano halafu anasikiliza mbili. Kwa mtazamaji huyo, nunua risiva yenye Dolby Pro Logic II, ambayo ilianza kutoka mwaka 2000 na iko kwenye mitumba mingi mizuri ya miaka iliyofuata. Inachukua sauti iliyo sawa kushoto na kulia, ambayo ndiyo sauti ya VJ, na kuipeleka spika ya katikati. Basi spika ya katikati iwe nzuri, zile za nyuma zingoje mwakani. Mwalimu tulimfungia hivyo: mbili za mbele, moja ya katikati. Alinipigia simu usiku huohuo kusema anasikia kila neno.

Spika za seti ya boksi iliyokufa usizifunge kwenye risiva. Watu hufanya hivyo kila wiki. Mgongoni mwa spika hizo mara nyingi pameandikwa omu 3 au 4, na mgongoni mwa risiva pameandikwa omu 6 hadi 16. Spika ya omu 3 inavuta mkondo maradufu ya ile ya omu 6, risiva inachemka, inajizima katikati ya filamu, na mwenyewe anasema mtumba ni mbovu. Nimepokea risiva tatu za namna hiyo tangu Januari, zote nzima. Nilizirudisha bila kubadilisha hata transista moja. Nunua spika za rafu za mtumba, za omu 8 au 6, zenye boksi la mbao. Kama koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, imechanika lakini boksi ni zima, mafundi wa kubadilisha koni wapo, na kazi hiyo ni ya bei nafuu kuliko spika mpya ya plastiki.

Umeme wetu wa jioni nao una mambo yake. Juzi saa moja na nusu usiku mita yangu ilisoma volti 187 kibandani. Ulipokatika na kurudi, ulirudi kwa kishindo, taa ya jirani ikalipuka. Risiva iliyovumilia miaka ishirini Ulaya inaweza kufa Busia kwa usiku mmoja wa namna hiyo. Ile kinga inayouzwa kwa ajili ya friji, inayongoja dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, inatosha. Anayesema pesa hazitoshi kuinunua apunguze bei ya risiva, asiruke kinga.

Kitambaa cha kufuma pia. Najua kinapendeza, na najua mama wa nyumba amekifuma kwa mikono yake. Kiwekwe kwenye meza. Mwezi uliopita nilifungua mashine iliyofunikwa kwa kitambaa cha rangi ya krimu, chenye maua ya waridi kwenye pembe. Chini yake joto lilikuwa limekausha ubao hadi ukawa rangi ya chai, na kwenye chuma cha kupoza transista mende walikuwa wametaga mayai, yamepangwa safu kama maharagwe. Nilisafisha kwa brashi ya meno na spiriti siku nzima, ikawaka. Mashine hiyo inatoa joto kwa juu, iachie nafasi ya shubiri moja wazi.

Kwa hiyo mtu wa Tororo, kwa bei ninazoziona mimi: risiva ya mtumba ya volti 230, yenye tundu la mwanga na Pro Logic II, laki tatu na nusu hadi laki nne. Spika mbili za mbele na moja ya katikati, laki tatu na nusu. Kinga ya umeme na waya nene za shaba, si zile nyembamba za kengele, laki moja. Kinachobaki akiweke kwa ajili ya sabufa, ambayo atainunua muhula ujao watoto wakisharudi shule. Afike dukani na flashi yenye filamu anayoijua, aombe mashine iwashwe kwa sauti ya kati kwa nusu saa, kisha aweke kiganja juu yake. Joto kama la chapati iliyokaa ni sawa. Ikimfanya aondoe mkono haraka, aiache.

Kama ameshalipa na sasa ana wasiwasi, asiichomeke kwanza. Aipige picha ya mgongo, sehemu ya volti na ya spika, amwonyeshe fundi yeyote wa mtaani kwake. Mimi kuangalia picha ya mgongo silipishi, na mafundi wengi ninaowajua hawalipishi.

Fundi wa redio,
Busia, Uganda