Risasi zipi, na bastola itunzwe vipi

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na nyumbani nisalimie wote. Umetaka nikutajie chapa moja ya risasi za hiyo bastola yako ya hewa ya kulengea shabaha. Sitaitaja, maana hata bastola mbili za kiwanda kimoja hazipendi risasi zile zile.

La lazima ni kipenyo cha 4.5 mm na kichwa bapa, kwa sababu kichwa bapa hukata karatasi tundu safi lisilobishaniwa. Uzito wa kawaida wa bastola ni gramu 0.45 hivi; zile za 0.53 zimekusudiwa bunduki, ingawa baadhi ya bastola huzipiga vizuri. Kwenye kopo utaona pia kipimo cha kichwa, 4.49 au 4.50. Kama bastola ilikuja na kadi ya majaribio ya kiwandani, anza na kipimo kilichoandikwa humo.

Kisha zijaribu mwenyewe. Chukua kopo moja moja la RWS R10, H&N Finale Match na JSB. Ibane bastola kwenye jiliwa kwa vipande vya ngozi, ukishika fremu. Ukibana mtutu au silinda ya hewa, majibu yote ni ya uongo. Piga kutoka mita 10, risasi 10 kwenye karatasi moja, mara tatu kwa kila kopo. Pima kwa venia, ile rula ya taya ya vipimo vidogo, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje wa kundi. Ukipata 7 au 8 mm, funga mjadala, rudi dukani ukanunue makopo yenye namba ile ile ya toleo. Toleo jingine, hata la chapa hiyo hiyo, lihesabu kuwa risasi nyingine na ulijaribu upya.

Ila usiuze mbuzi kwa ajili ya risasi. Duara la alama 10 kwenye shabaha lina kipenyo cha 11.5 mm, na tundu likigusa tu mstari wake unapewa 10. Kwa hiyo kitovu cha risasi kina ruhusa ya kupotea 8 mm kila upande. Kundi likipungua kutoka 9 hadi 7 mm, umeokoa 1 mm tu kila upande. Anayepata alama 520 kati ya 600 anakosea kwenye triga, si kwenye risasi.

Kopo lisianguke, sketi ya risasi, yaani ukingo wake wa nyuma, ni nyembamba na ikipondeka risasi huyumba. Zikiota unga mweupe kwa unyevu wa huko pwani, zitupe. Na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana madini ya risasi ni sumu.

Mtutu watu huusafisha kupita kiasi. Kila baada ya risasi 500 hadi 1,000 yatosha: pitisha uzi wa nailoni wa kuvulia, fungia kitambaa kikavu, uvute kutoka nyuma kwenda mdomoni. Fimbo ya chuma usiiguse, itakwaruza ukingo wa mdomo, na hapo kundi halirudi tena. Baada ya kusafisha, piga chache za kuuzoesha mtutu kabla ya kuhesabu alama.

Silinda ijazwe polepole hadi mgandamizo wa bar 200, kwa hewa kavu ya mtungi wa wazamiaji. Ukijaza haraka hupata joto, na ikipoa geji inashuka. Oksijeni kamwe, wala mafuta ya mashine kwenye viungo vya hewa: chini ya mgandamizo huo vinaweza kulipuka. Oringi, zile pete za mpira za kuziba hewa, zipake grisi ya silikoni kidogo tu. Angalia pia tarehe iliyogongwa kwenye silinda. Ikipita miaka 10, nunua nyingine.

Geji ikishuka usiku kucha, itoe silinda kwenye bastola uiweke kando hadi asubuhi. Ikishuka tena, vali yake ndiyo inayovuja. Isiposhuka, tazama oringi ya kiungo. Na ukihisi pumzi ya hewa usoni unapofyatua, huku risasi zikianguka chini ya shabaha, ni oringi ya nyuma ya mtutu. Hizo oringi utabadilisha mwenyewe. Regyuleta, kifaa kinachodhibiti mgandamizo wa hewa, mwachie fundi.

Kadi ya majaribio ukiipata, ipige picha unitumie.

Wasalaam,
Sahibu yako