Matairi hayafiki mlangoni kwa mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma habari yenu kuhusu magari ya wagonjwa yalivyoandaliwa kwa majira ya baridi. Picha ilipendeza: magari yamepangwa mstari, yanang'aa, yana matairi mapya yenye meno mazito. Sina ugomvi na matairi. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na juu ya barafu gari linaweza kuhitaji masafa mara kumi ya yale ya lami kavu kabla halijasimama. Ila sisi tunaokesha zamu za usiku tunajua kuwa tairi hukufikisha barabarani tu, na mgonjwa hakai barabarani.

Usiku mmoja tuliitwa kwa mzee aliyeanguka nyuma ya nyumba yake. Tulifika upesi, tukashuka, tukaduwaa. Kutoka gari lilipoishia hadi alipolala palikuwa na kama mita 40 za theluji ya magotini. Magurudumu ya machela yalizama kabla hatujapiga hatua ya pili. Hatukuwa na koleo, wala kile kitelezi cha plastiki wanachochezea watoto, ambacho kingetutosha kabisa. Tulimbeba kwa blanketi, watu wawili, tukianguka na kuinuka. Mita zile 40 zilikula muda kuliko safari nzima.

Kubeba namna ile si suala la kuchelewa tu. Joto la mwili likipungua chini ya nyuzi 35, mtu yuko hatarini. Likizidi kushuka huacha kutetemeka, na ndugu zake hudhani amepata nafuu, kumbe ndiyo anazama. Akifika chini ya nyuzi 30, moyo wake unaweza kuvurugika kwa kutikiswa tu. Anatakiwa abebwe akiwa amelala, kwa utaratibu wa mtu aliyeshika taa ya chemni inayowaka. Haya, mbebe hivyo kwenye theluji ya magotini bila kitelezi.

Vifaa navyo hugoma, na hugoma pale pale unapovihitaji. Betri ya mashine ya kushtua moyo iliyosomeka imejaa karakanani huishiwa nguvu mapema ikikaa kwenye baridi kali. Vibandiko vyake havishiki kifua kilicholowa, kwa hiyo taulo kavu, kitu ambacho hakuna anayekiandika kwenye orodha, ni kifaa cha kuokoa maisha. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni hakisomi kidole kilichoganda. Nimewahi kutoa mfuko wa dripu kwenye gari lililolala nje, ukanichoma viganja kwa ubaridi. Kumtundikia maji hayo mtu aliyepoa ni kumpoza kwa ndani. Tulichofanya usiku ule ni kuuweka mfuko ndani ya koti la dereva. Huo ndio uliokuwa mpango wetu wa majira ya baridi, Mhariri: kwapa la dereva.

Dawa yake si ghali wala si ngeni. Gari lilale ndani, au lichomekwe kwenye umeme ili injini na kabati la dawa vibaki na joto. Dizeli iwe ya majira ya baridi, kwa sababu ile ya kiangazi hutoa nta ikaziba kichujio. Maji ya urea ya kusafishia moshi, yanayotumika kwenye magari mengi mapya ya dizeli, huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri. Kwa ngazi za nyumba nashauri mchanga zaidi ya chumvi, maana chumvi ya kawaida hulegea sana baridi ikipita kama nyuzi 9 chini ya sifuri. Na wahudumu wapewe vyuma vya kuvalisha viatu ili wasiteleze. Mhudumu aliyevunjika mkono ni mgonjwa wa pili.

Yote hayo ni bure kama njia imefungwa. Buffalo, jimbo la New York, ni jiji lililozoea theluji, lakini dhoruba ya Desemba 2022 ilikwamisha hata magari ya uokoaji. Waliokufa walizidi 40, na viongozi wa kaunti walikiri kwamba baadhi yao walifariki kwa kuchelewa kufikiwa na huduma ya dharura. Kwa hiyo madereva wa magari ya kusukuma theluji nao ni watu wa huduma ya dharura. Anayepokea simu za wagonjwa awe na namba yao mkononi, na kila kituo kijue mapema ni gari lipi la theluji litakalotangulia mbele yake. Makubaliano hayo yaandikwe wakati wa jua. Dhoruba ikishaingia, kila mtu anamtafuta dereva yule yule.

Wako pia ambao hawafai kusubiri simu yao: wanaosafishwa damu mara tatu kwa wiki, na wanaopumua kwa mashine ya oksijeni ya umeme. Hao wapigiwe siku mbili kabla ya dhoruba.

Nimeshaulizwa kama inafaa kuhangaika hivi kwa mtu aliyekutwa baridi kama jiwe. Mwaka 1999 nchini Norwei, daktari Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu kwa dakika 80, joto la mwili wake likafika nyuzi 13.7. Waokoaji walimkandamiza kifua njia nzima hadi hospitali ya Tromsø. Alipona, akarudi kwenye udaktari. Angekabidhiwa watu wanaotazama saa na kukata tamaa, asingefika.

Ombi langu ni dogo. Mpiga picha wenu akirudi karakanani, aache matairi, afungue mlango wa nyuma. Atafute koleo, kitelezi, taulo kavu, mfuko wa mchanga na kisanduku cha kutunzia dripu joto. Kisha mchapishe picha ya alichokikuta, hata kama ni rafu tupu.

Wako,
Mhudumu wa gari la wagonjwa, zamu ya usiku