Viza ya Ujerumani: amua kwanza unakuja kufanya nini

Baba na Mama, shikamooni. Suala hili litagusa mifuko yenu, kwa hiyo naomba barua hii msome wote, ingawa mengi namwelekeza mdogo wangu.

Mdogo wangu, usijaze fomu yoyote kabla hujaamua unakuja kusoma nini. Kozi ya lugha ina viza yake, na chuo kikuu kina yake. Ukiingia kwa viza ya Schengen, ile ya matembezi ya siku 90, kwa kawaida huwezi kuigeuza kuwa kibali cha masomo ukiwa huku. Itabidi urudi nyumbani uanze upya. Atakayekwambia "ingia kwanza, mengine yatajipa" usimsikilize.

Kwa kuwa bado hujapata nafasi chuoni, inayokufaa ni viza ya kozi ya lugha. Hapo barua ya shule ndiyo kila kitu. Hakikisha inataja tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na idadi ya vipindi kwa wiki, ambavyo visipungue 18. Kozi ya jioni ya siku mbili kwa wiki haikubaliki, hata shule iwe nzuri namna gani. Kibali chenyewe kwa kawaida hakivuki mwaka mmoja, na vyuo vinavyofundisha kwa Kijerumani mara nyingi hudai kiwango cha C1, yaani ujuzi wa juu wa lugha. Kutoka sifuri hadi C1 ndani ya mwaka ni mbio ngumu, hivyo nakusihi umalize A1 na A2, viwango viwili vya mwanzo, huko huko. Vyeti hivyo vitamwonyesha pia ofisa wa viza kwamba umeshaanza safari ya lugha, naye ndiye atakayesoma barua yako ya kueleza kwa nini unahitaji kozi hii na utafanya nini baada yake.

Baba, sasa fedha. Kwa kiwango cha mwaka 2025, mwanafunzi wa lugha huonyesha euro 1,091 kwa kila mwezi wa kukaa, yaani 13,092 kwa mwaka. Aliyekwisha kupata nafasi chuoni huonyesha 992 kwa mwezi, au 11,904. Njia inayotumiwa na wengi ni Sperrkonto, akaunti inayofungwa na kutoa fungu moja kila mwezi baada ya mwanafunzi kufika. Fedha hiyo ni yake ya kula na kulala. Ada ya kozi ni pembeni. Angalieni sana hapa: benki za katikati hukata makato njiani, fedha inafika pungufu kwa euro chache, na cheti cha uthibitisho hakitolewi mpaka kiasi kitimie. Tumeni na ziada kidogo, pamoja na gharama ya kufungua akaunti.

Majina nayo huangusha watu. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vifanane herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, rekebisha kabla ya kuomba, maana marekebisho yanaweza kuchukua muda mrefu. Bima ya afya ianze siku ile ile unayotua. Ada ya viza ni euro 75, na hairudishwi ukinyimwa.

Tena tangu Julai 2025 ile njia ya kuandika barua ubalozini kupinga kunyimwa imefutwa. Kilichobaki ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin. Usipeleke faili lenye pengo kwa matumaini ya kulijazia baadaye.

Ukifika, una wiki mbili tangu kuhamia kujiandikisha manispaa, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Muulize kama ataitoa kabla hujalipa kodi, wapo wanaokataa. Kisha omba miadi ya kibali cha ukaazi ofisi ya wageni mapema, viza ikiwa bado hai.

Kabla hamjalipa shule chochote, nitumieni picha ya barua yao niisome.

Kaka yako