Diski isiyosomeka si lazima iwe mbovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wengi wataliona kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, ilhali linawagusa wanamuziki, wachoraji, wapiga picha na wanafunzi wa sanaa wa hapa Bagamoyo kila wanapotakiwa kupeleka kazi zao mahali pengine. Mimi ni mrekodi wa ngoma na mbunifu wa mabango. Nina chumba kidogo hapa Dunda chenye kompyuta mbili za mtumba, na zote mbili zinatumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

Mwaka jana vijana ninaowafundisha walimaliza kurekodi mdundiko pamoja na nyimbo za wavuvi, kazi iliyowachukua wiki tano za kwenda na kurudi Kaole. Tuliyaweka mafaili yote katika diski ya nje, akapewa kijana mmoja aipeleke Dar es Salaam kwa watu waliokuwa wametangaza kupokea kazi za namna hiyo. Mhudumu alipoichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows, aliletewa ujumbe kwamba diski haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, yaani ifutwe na kupangwa upya, naye akabofya kukubali, kisha akamrudishia kijana diski tupu na kumwambia kwamba ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Haikuwa mbovu. Ilikuwa imefomatiwa kwa ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski ambao ni wa kawaida kabisa kwenye Linux, lakini Windows haiusomi kama haijaongezewa programu ya kufanya hivyo, na inapokutana nao, badala ya kumwambia mtu kwamba diski ina vitu isivyovifahamu, humshauri aifute. Simtupii mhudumu lawama zote, kwa kuwa mimi ndiye niliyemkabidhi kijana diski bila kuuliza itasomwa na mashine ya aina gani.

Tulibahatika kwamba ufutaji ulikuwa ule wa haraka, ambao huondoa orodha ya vilivyomo na kuacha sehemu kubwa ya data mahali pake. Kwa programu ya bure iitwayo PhotoRec tuliokoa rekodi nyingi, ila programu hiyo hutambua faili kwa umbo lake la ndani na hairudishi jina. Tukabaki na mamia ya vipande vya sauti vyenye majina ya namba tupu, bila kujua ni mzee yupi aliyeimba wapi na siku gani, na hadi leo tunawasikilizisha wahusika kimoja kimoja ili watambue sauti zao.

Nayaandika haya sasa kwa sababu mchanganyiko wa mifumo unazidi kukua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya Windows 11, likiwemo lile la kuwa na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mwenye kompyuta kama hiyo, asipokuwa na fedha ya kununua nyingine, huona Linux kuwa njia ya kuendelea kufanya kazi bila gharama. Katika mji ambao umekuwa na chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho leo ndicho TaSUBa, vijana wa namna hiyo si wachache, nao hukuta kwenye Linux zana wanazozihitaji: Inkscape na Krita kwa uchoraji, GIMP kwa picha, Ardour kwa sauti, Blender kwa katuni. Nyingi kati ya hizo zipo kwenye Windows pia. Kwa hiyo tatizo la kuhamisha kazi mara nyingi halimo katika programu, limo katika diski, katika majina ya mafaili na katika fonti.

Kuhusu diski, ushauri wangu ni kuifomati kwa mfumo wa mafaili uitwao exFAT. Mfumo wa zamani wa FAT32 unasomeka karibu kila mahali, lakini hauwezi kubeba faili moja linalofikia GB 4, na video ya ngoma ya usiku mmoja huvuka kiasi hicho kabla hata wapigaji hawajachoka. Mfumo wa exFAT, ambao Microsoft iliutoa mwaka 2006, hauna kikwazo hicho, na baada ya kampuni hiyo kuchapisha maelezo yake mwaka 2019, uliingizwa katika kiini cha Linux toleo la 5.4 mwaka huohuo. Leo unasomeka pande zote mbili bila kuongeza kitu.

Majina ya mafaili ndiyo yanayowasumbua vijana wangu kila siku. Linux hukataza mkwaju (/) na karibu kila kitu kingine hukiruhusu, wakati Windows haikubali nukta mbili, alama ya kuuliza, kinyota wala alama za kunukuu. Kijana akiliita faili lake «Mdundiko 16:30», anadhani ameandika saa tu, kumbe amelifungia mlango upande wa pili. Isitoshe, kwa Linux «Jahazi.png» na «jahazi.png» ni mafaili mawili tofauti, lakini Windows kwa kawaida huyahesabu kuwa moja, na ukiyanakili katika folda moja itakuuliza kama ulifute la kwanza. Kinyume chake pia hutokea: mradi uliotengenezwa kwenye Windows ukiita picha kwa herufi ndogo ilhali picha yenyewe ina herufi kubwa, kule hufunguka vizuri, na kwangu huleta pengo tupu mahali pa picha. Nimewazoesha wanafunzi wangu kutumia herufi ndogo, tarakimu na kistari pekee, na kuweka vifaa vyote vya mradi katika folda moja inayosafiri pamoja nao.

Fonti nazo zina mambo yao. Bango lililopangwa kwa Calibri likifunguliwa kwenye mashine isiyokuwa na Calibri hubadilishiwa herufi, mistari ikavunjika na jina la msanii likashuka chini ya picha. Zipo fonti za bure zilizotengenezwa kwa vipimo vilevile, kama Carlito kwa Calibri na Liberation kwa Arial na Times New Roman, lakini kwa kazi iliyokamilika njia salama ni kutoa PDF iliyobeba fonti zake ndani. Wapo wanaokwepa yote haya kwa kutuma bango kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Hao wajue kwamba picha hubanwa njiani, na mchapaji hupokea kitu kisichofaa kuchapwa kwa ukubwa wa ukuta.

Ombi langu ni kwa wale wanaotangaza kupokea kazi za sanaa, insha na maombi ya ufadhili. Matangazo mengi hutaja programu, kwa mfano «leta faili la Word», kana kwamba kila mtu ameinunua. Viwango vya wazi vipo: ODF, muundo wa mafaili ya maandishi ambao programu ya bure ya LibreOffice huutumia, ilikubaliwa na shirika la viwango la kimataifa, ISO, mwaka 2006, na Word yenyewe inaifungua. Wala Kiswahili si kigeni katika uwanja huu, kwa kuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitafsiri OpenOffice.org, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa lugha yetu mwaka 2004. Ingetosha tangazo liwe na maneno haya: «Maandishi yaletwe kwa ODF au PDF, michoro kwa SVG au PNG, sauti kwa WAV au FLAC, katika diski ya exFAT, diski isiyosomeka isifomatiwe, bali irudishwe kwa mwenyewe kama ilivyo.»

Hicho kipande cha mwisho ningeomba pia kibandikwe kwenye kila duka la steshenari lenye kompyuta, hapo juu ya kioo ambapo mhudumu hawezi kuacha kukiona.

Wako mtiifu,
Mrekodi wa ngoma,
Dunda, Bagamoyo